Kabla ya Kibali, Kipimo: Barua ya Wazi kwa Mabunge ya Kaunti za Kitui na Makueni

Kwa Maspika na Wawakilishi Wadi wa Mabunge ya Kaunti za Kitui na Makueni,

Waheshimiwa,

Kati ya Januari na Julai mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki katika eneo la mashariki mwa Kenya, na waliopata pigo kubwa zaidi walikuwa wakazi wa Makueni na Kitui. Mauti hayo yalitoka kwenye ghala la nyumbani. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu, na kuvu ikaacha ndani ya punje sumu ya aflatoksini inayoharibu ini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi. Mama alisonga ugali kama alivyousonga siku zote, na watoto wakala wakashiba. Watafiti walipokusanya sampuli 350 za mahindi kutoka masoko 65 ya wilaya zilizoathirika, asilimia 55 zilikuwa zimepita kiwango kilichoruhusiwa Kenya wakati huo, yaani sehemu 20 katika kila bilioni. Kiwango kilikuwapo katika vitabu vya serikali. Sokoni hapakuwa na mtu wa kupima kabla gunia halijafunguliwa.

Ninaukumbusha msiba huo kwa sababu kanuni iliyozaliwa ndani yake ni mali ya kaunti zenu kuliko ya kaunti nyingine yoyote nchini: kitu kinachoingia mwilini mwa watu na chenye sumu isiyoonekana hupimwa kwanza, ndipo kiuzwe. Ninawaandikia kuwaomba muitumie kanuni hiyo kwa bidhaa nyingine, sigara za kielektroniki ambazo vijana huziita vepu. Mjadala wa bidhaa hii umetawaliwa na nikotini na uraibu, na ni haki iwe hivyo. Lakini kuna jambo la pili linalozungumzwa kidogo sana, nalo ni metali zenye sumu zinazotoka katika kifaa chenyewe na kuingia mapafuni pamoja na kila pumzi. Juu ya jambo hili ushahidi upo, na kaunti zina mamlaka ya kuchukua hatua bila kungoja mtu.

Kifaa chenyewe si kigumu kueleweka. Kina betri, kina kimiminika chenye nikotini na ladha, na kati ya hivyo viwili kuna waya mwembamba uliosokotwa, unaoitwa koili, ambao hupata moto mtu anapovuta. Mara nyingi waya huo ni mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, au wa chuma, kromiamu na alumini. Maungio yake hushikwa kwa lehemu ya bati, na katika vifaa vingine vipande vinavyogusana na kimiminika ni vya shaba iliyochanganywa na risasi. Kimiminika hukaa humo siku nyingi kikilamba metali hizo, kisha hupashwa moto, hupoa na kupashwa tena mamia ya mara. Kinachotoka kinaitwa mvuke, lakini si mvuke wa maji kama ule wa sufuria. Ni matone madogo mno ya kemikali, madogo kiasi cha kufika kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu. Tayari mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Riverside walikuta ndani ya mvuke huo chembechembe za bati, chuma, nikeli, alumini na fedha.

Utafiti unaostahili kusomwa kwa makini zaidi ulichapishwa mwaka 2018 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Walichukua vifaa 56 kutoka kwa watumiaji wenyewe na kupima mara tatu: kimiminika kikiwa bado katika chupa ya kujazia, kimiminika kilichokwisha kukaa ndani ya kifaa, kisha mvuke unaovutwa. Chupani metali zilikuwa kidogo sana. Ndani ya kifaa ziliongezeka. Katika mvuke, kiwango cha kati cha risasi kilikuwa zaidi ya mara 25 ya kile cha chupani, na karibu nusu ya sampuli za mvuke zilikuwa na risasi kupita mipaka iliyowekwa na Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani. Zilikuwamo pia nikeli, kromiamu na manganizi. Mpangilio wa vipimo hivyo vitatu ndio unaotufunza jambo kubwa kuliko yote: metali hazikuja na kimiminika, zilitoka katika kifaa. Mnunuzi anayesoma lebo ya chupa anasoma mahali pasipo na habari anayoihitaji. Na mkaguzi anayepima chupa peke yake ataandika ripoti safi kuhusu bidhaa chafu.

Tangu wakati huo soko limehamia kwenye vifaa vya kutumia na kutupa, vyenye rangi za peremende na ladha za matunda, vinavyouzwa kwa ahadi ya maelfu ya mivuto. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walipima vifaa saba vya aina hiyo, vya chapa tatu zinazopendwa, wakivivutisha kwa mashine kati ya mara 500 na 1,500. Kifaa kimoja kilitoa kwa matumizi ya siku moja risasi nyingi kuliko pakiti karibu 20 za sigara za kawaida. Katika baadhi ya vifaa, vipande vya shaba yenye risasi vilikuwa vimekwisha kuchuja risasi na nikeli ndani ya kimiminika. Koili ziliongeza nikeli, na viwango vya nikeli na kromiamu vilipanda kadiri mivuto ilivyoongezeka. Antimoni ilikutwa kwa wingi katika kimiminika hata kabla kifaa hakijatumika. Vifaa saba si soko zima, na watafiti wenyewe hawakudai hivyo. Lakini vilitosha kuonyesha kwamba kati ya kifaa na kifaa kuna tofauti kubwa, tofauti ambayo mtu dukani hana namna ya kuitambua, kama ambavyo mnunuzi wa mahindi wa mwaka 2004 hakuwa na namna ya kuchagua debe salama kati ya madebe mawili yaliyofanana.

Metali hizi hufanya nini mwilini? Risasi ikimezwa na mtu mzima, sehemu kubwa hutoka bila kufyonzwa. Ikivutwa katika chembe ndogo zinazofika ndani ya mapafu, karibu yote huingia katika damu. Mwili huidhania kalisi na kuiweka katika mifupa, ambako hukaa kwa miongo. Mwanamke anapopata mimba baadaye, mifupa yake huirudisha katika damu, na kondo la nyuma haliizuii kumfikia mtoto. Hudhuru ubongo unaokua, hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Misombo ya nikeli, pamoja na aina moja ya kromiamu, imo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani katika orodha ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, na njia yake kuu ya hatari ni pumzi. Kenya haihitaji kusafiri mbali kuijua risasi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasambazia wakazi sumu hiyo hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Tangu kufungwa kwa kiwanda hadi uamuzi huo imepita miaka kumi, na hakuna fidia inayoweza kuitoa risasi katika mfupa wa mtoto.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga udhibiti ni kwamba vepu ina madhara machache kuliko sigara, na inawasaidia wavutaji kuacha. Hoja hii ina uzito na siidharau. Mwaka 2015 taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilikadiria kuwa madhara yake ni pungufu kwa takriban asilimia 95, na moshi wa tumbaku inayoungua kweli una maelfu ya kemikali ambazo mvuke hauna. Lakini tazameni ulinganisho huo unamhusu nani. Unamhusu mtu mzima ambaye tayari anavuta pakiti kwa siku. Kijana wa sekondari kule Mwingi au Wote ambaye hajawahi kushika sigara hawezi kulinganishwa na mvutaji. Yeye analinganishwa na hewa aliyokuwa akiipumua jana. Tena hata yule mvutaji anayetafuta kuacha ana haki ya kupewa kifaa kisicho na risasi. Metali hazimsaidii kuacha chochote. Ni kasoro ya utengenezaji inayoweza kuondolewa kwa kuchagua lehemu na aloi bora, na mtengenezaji hatabadilisha vifaa vyake ikiwa hakuna anayempima. Anayeamini kwa dhati kuwa vepu ni njia ya kupunguza madhara angepaswa kuwa wa kwanza kudai ipimwe.

Hoja ya pili ni kwamba viwango ni vidogo, kwamba tafiti zimefanyiwa Marekani, na kwamba watu wa Ukambani, kwa sababu ya kumbukumbu ya mwaka 2004, tunafanana na yule aliyeumwa na nyoka ambaye akiona ung'ongo hushtuka. Ni kweli tunazungumza juu ya mikrogramu. Ni kweli pia kwamba maji, udongo na hata sufuria vina metali. Lakini mtu hupumua mapafuni mwake moja kwa moja, mamia ya mara kwa siku, kitu ambacho tumbo lingeweza kukikataa, na risasi hujilimbikiza. Kidogo cha kila siku huwa akiba mbaya. Mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi wa mkojo wa vijana 200 wa Marekani wenye umri wa miaka 13 hadi 17 wanaotumia vepu, na wale waliovuta mara nyingi walikuwa na risasi na urani zaidi ya waliovuta mara chache. Uchunguzi huo ulipima mara moja tu na hauwezi kuthibitisha peke yake kwamba chanzo ni kifaa. Ila ukiuweka kando ya vipimo vya mvuke, vyote vinaelekeza upande mmoja. Sitawatisha kwa vifo 68 vilivyotokea Marekani katika mlipuko wa maradhi ya mapafu wa 2019 hadi 2020. Vile vilihusishwa hasa na mafuta ya vitamini E yaliyotiwa katika vimiminika vya bangi, na hoja yangu haihitaji kuazima msiba usioihusu. Kuhusu tafiti kuwa za Marekani, vifaa vinavyouzwa Afrika Mashariki na vinavyouzwa huko hutoka kwa sehemu kubwa katika viwanda vya mji mmoja, Shenzhen, nchini China. Na ikiwa kuna shaka kwamba vinavyofika kwetu ni tofauti, shaka hiyo inaondolewa kwa kipimo. Haiondolewi kwa kunyamaza.

Hoja ya tatu huja kwa sauti ya upole: kaunti hizi zina ukame, zina kiu, zina pombe haramu, kwa nini bunge lipoteze kikao kwa kifaa cha vijana wa mjini? Jibu ni kwamba biashara hufuata barabara. Barabara kuu ya Mombasa inapita Makueni kuanzia Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi hadi Mtito Andei, na ile ya kwenda Garissa inapita Mwingi. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kitui na kina maelfu ya vijana wa rika lile hasa ambalo bidhaa hii imeundwa kulivutia. Kuna pia suala la kifaa kikishatupwa. Kina betri ya lithiamu, waya na metali, na katika nchi ambayo watu huchota maji kwa kufukua mchanga wa mito mikavu, na ambayo Kitui peke yake imejengewa mabwawa ya mchanga zaidi ya 500, takataka za aina hii hazina mahali pa kutupwa ambapo hazitakuwa jirani na maji ya mtu. Kudhibiti biashara ingali changa ni rahisi kuliko kuing'oa baada ya kuota mizizi.

Je, mna mamlaka? Viwango vya bidhaa na ukaguzi wa forodha ni kazi ya Serikali ya Kitaifa, na serikali hiyo tayari hutoza ushuru kwa kila mililita ya kimiminika cha nikotini. Lakini risiti ya ushuru haisemi lolote kuhusu risasi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ni ya mwaka 2007 na haikuandikwa kwa ajili ya koili na betri, na mswada wa kuirekebisha ulifikishwa Seneti mwaka 2024. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limewapa nyinyi huduma za afya za kaunti, leseni za biashara na udhibiti wa dawa za kulevya, na Kifungu cha 46 kinampa kila mnunuzi haki ya kulindwa afya yake na kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Wengine watawaonya kwa mfano wa majani ya kutafuna ya muguka: Mei 2024 Kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha agizo hilo. Onyo hilo ni la haki, na ndiyo sababu siwaombi marufuku. Uganda ilizipiga marufuku sigara za kielektroniki katika sheria yake ya mwaka 2015, lakini huo ulikuwa uamuzi wa bunge la nchi. Ninachowaomba ni sharti la leseni, jambo lililo ndani ya uwezo wa kaunti. Makueni ilionyesha njia mwaka 2015 ilipotunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga, wakati magari yalikuwa yakiibeba mito yake kwenda kujenga miji ya wengine. Haikupiga ujenzi marufuku. Ilisema tu kwamba anayechukua lazima afuate utaratibu.

Sharti lenyewe liwe hivi. Asiuze mtu vepu katika Kitui au Makueni bila cheti cha maabara iliyoidhinishwa kinachoonyesha viwango vya risasi, nikeli, kromiamu na antimoni kwa kila aina ya kifaa anachouza, vikiwa vimepimwa katika mvuke, mwanzoni na mwishoni mwa maisha ya kifaa. Msikubali cheti cha chupa. Gharama ya kipimo iwe juu ya muagizaji, na mwenye duka awe na wajibu wa kuonyesha nakala tu. Hivyo mama mwenye kioski hatatwishwa mzigo wa tajiri anayejaza kontena. Maafisa wa afya ya umma, walewale wanaokagua nyama na hoteli, wawe na mamlaka ya kuchukua vifaa madukani bila taarifa na kuvipeleka kwa Mkemia wa Serikali. Muagizaji agharamie pia kukusanya vifaa vilivyotumika, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inayomwajibisha mleta bidhaa hadi mwisho wa bidhaa yake. Na kwa kuwa kaunti zenu mbili na Machakos zimo katika jumuiya moja ya kiuchumi ya kusini mashariki, kanuni iwe moja, ili mfanyabiashara anayekataliwa Wote asivuke tu hadi Kitui. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi mbele ya bunge la kaunti. Naomba barua hii ipokewe kwa roho hiyo.

Watakuwapo watakaosema tungoje hadi madhara yaonekane hospitalini. Hapa, waheshimiwa, ndipo mfano wa mwaka 2004 unapofika mwisho wake, na ndipo hatari hii inapozidi ile. Aflatoksini iliua kwa majuma. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, wodi zikajaa, na taifa likalazimika kuhesabu. Risasi haina huruma hiyo. Itakuja kama mtoto asiyeshika somo, kama shinikizo la damu la mtu wa miaka 45, kama figo zilizochoka mapema, kama mimba yenye matatizo ya mwanamke aliyeacha vepu zamani. Hakuna daktari wa Makindu wala wa Mutomo atakayeandika kwenye cheti kwamba chanzo kilikuwa waya mdogo uliopashwa moto miaka 20 iliyopita. Anayengoja hesabu kama ile ya watu 125 hataipata kamwe, hata kama madhara yatakuwa makubwa kuliko yale. Hesabu pekee tutakayoweza kuipata ni ile itakayofanywa maabarani, kabla ya kibali. Watu wa kaunti zenu walilipa gharama kubwa kujifunza kwamba mahindi hupimwa. Wasilipishwe tena kwa somo lilelile.

Kwa heshima na matumaini,

Mwananchi mwenzenu